Gari la Mama Mdogo

Märsta, Jumapili tarehe 15 Oktoba 2023

Yaya Dorothée,

Upo? Mimi nipo, miguu tu ndiyo inauma, lakini hiyo ni miguu, imeanza kuuma tangu tuko kambi ya wakimbizi Nyarugusu. Nakuandikia kwa kalamu na kosa ni lako. Dada mkubwa kama wewe, nani alikutuma ufungulie sauti zangu kwa spika pale kwenye cherehani, sokoni Mwanga, watu wamejaa? Yale mambo ya mchungaji na suti yake ya tatu nilikuambia wewe, sikuiambia Kigoma nzima. Yamezunguka yakarudi mpaka huku, na mke wake sasa kanisani Skärholmen ananipa vidole viwili vya mkono. Basi barua. Karatasi haina spika.

Évode mzima, bado anapakia mizigo ya ndege. Christelle amehamia kwake, anasema anataka utulivu. Sijui utulivu gani, nyumbani hakuna kelele, niko mimi tu na baba yake. Arielle wetu yukoje? Mwambie mama mdogo wake anamuwaza.

Sasa sikia. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, nasafisha ukumbi wa michezo kule Upplands Väsby. Kila nikifika nakuta wazee wa Kiswidi, watu wenye wajukuu, wametandika zulia kubwa, wamepanga mbao njia ikawa ya kona kona, wamesimama mstari juu ya jukwaa, kimya kama wanasubiri komunyo, kila mmoja na rimoti mkononi. Huku chini magari yanakimbia. Magari madogo, Yaya. Lakini si yale ya kununulia mtoto. Haya yana sura ya kizamani, ya mviringo, na ndani lazima kuwe na kichwa cha dereva. Gari bila kichwa halishindani. Ndiyo sheria yao.

Mimi nilikuwa nasubiri wamalize nisafishe, nacheka kwa ndani. Siku moja mtu mmoja akakosekana. Wana desturi: ukimaliza mbio zako huendi kunywa kahawa, unashuka kusimama kwenye kona, na gari la mwenzako likipinduka unalisimamisha. Hata kama ni huyo huyo amekushinda sasa hivi. Mkubwa wao anaitwa Mikael, zamani aliendesha treni. Akaniona na ufagio, akaniomba nisimame kona ya mwisho dakika tano. Nikasimama. Nikainua magari tisa, na kila aliyepinduka nikamwambia kosa lake, kwa Kiswidi changu hiki hiki. Kumbe mtu wa kona hasemi. Mikael alicheka mpaka akavua miwani. Jumapili iliyofuata akanipa gari lake moja na rimoti, akasema mwenye mdomo ule na yeye tumwone anavyopinduka.

Nakutumia picha. Mikael ameliweka gari chini nje pale wanapoegesha, karibu kabisa na kamera, yeye amelala kwa tumbo, mimi amenisimamisha kule nyuma mbali, nimevaa kitenge cha Pasaka. Ukiitazama utasema nimesimama ubavuni mwa gari la kweli, jekundu, mpaka kioo kinang'aa. Urefu wake ni kiwiko changu mpaka ncha ya vidole. Cheka mpaka umwage chai.

Nisalimie wote, isipokuwa yule jirani, yeye msalimie kidogo.

Pélagie wako


Kigoma, 26 Novemba 2023

Mdogo wangu Pélagie,

Barua imefika, nimeisoma mlango nimefunga. Tuko wazima. Mvua imeanza. Cherehani ya pili imekufa.

Arielle amepata mchumba. Anaitwa Hervé, fundi umeme, kijana mpole. Mama yake ndiye mwenye lile duka la mabati njia ya Ujiji. Alikuja kujitambulisha na wakinamama wanne. Alikaa akaitazama dari yetu, akanywa soda, akaitazama tena kama anaipima. Mazungumzo yalikwenda vizuri.

Picha yako imependwa na kila mtu.

Naomba kuuliza. Hilo gari lina milango minne au miwili? Pale mbele, utepe ukifungwa unakaa? Na unaweza kutuma picha nyingine, ya namna ile ile, huyo mzungu naye awe amesimama karibu na wewe? Asilale.

Dada yako,
Dorothée


Märsta, Jumapili tarehe 7 Januari 2024

Yaya wangu,

Heri ya mwaka mpya, barua yako imekula Krismasi yote posta. Huku theluji imefika magotini, Évode ameanguka mbele ya nyumba na unga wa ugali, unga kwenye theluji, haukuonekana hata ulipomwagikia. Nimefurahi kwa Arielle mpaka nikapiga kigelegele ndani ya treni, mama mmoja akahama kiti. Huyo Mama Hervé nimemuulizia kwa watu. Kambale, yule kijana wa Skärholmen ambaye mama yake yuko Kigoma, anasema mama huyo anauza bati moja na maringo mawili.

Umeuliza milango. Minne, Yaya, yote imechorwa, haufunguki hata mmoja. Utepe ukifunga utaingia kwenye magurudumu. Wa nini utepe? Picha hii hapa, Mikael amesimama kama ulivyoagiza, Wanjohi ndiye aliyelala kwa tumbo kupiga, na amelalamika shati.

Wanjohi ni Mkenya, mhasibu, ana sanduku la vifaa kama daktari wa upasuaji. Gari lake la kijani halijawahi kuwa na vumbi. Sisi wawili ndio weusi pekee pale, kwa hiyo tulipendana wiki moja, halafu tukaanza kushindana. Bodi ya gari langu ya kwanza, lile ganda la juu, ilipasuka kwa sababu yake, yeye anasema ni kwa sababu ya ukuta. Nikanunua nyingine, inakuja ya plastiki nyeupe ya kuona ndani, kama chupa ya maji, wewe mwenyewe unapaka rangi. Kuna karatasi ya maelezo, nikaiweka chini ya kopo la rangi isichafue meza. Nikapaka kwa nje vizuri kama mtu anapaka ukuta wa sebule. Kona ya kwanza nikagongwa, rangi yote ikapukutika kwenye zulia kama mba. Na zulia nani anasafisha? Wanjohi akashuka taratibu akasema, "Mama Christelle, rangi inapakwa ndani. Unaanza na taa na milango, ile rangi kubwa ni ya mwisho." Yaani unapaka kinyumenyume. Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema alidhani ni mtindo.

Nimerudia, jekundu tena, sasa linapendeza kuliko lile la picha ya kwanza.

Halafu wana adabu nyingine. Magari haya ya kizamani ukimgonga mwenzako akapinduka, unasimama unamsubiri mpaka ainuliwe apite, ndiyo na wewe unaendelea. Mimi nilimgonga Wanjohi nikakimbia. Mikael akaniita pembeni. Nikamwambia nilikokulia mimi aliyegonga anakimbia kabla watu hawajajaa. Akakubali kwamba ni desturi pia, lakini akanitoa mzunguko mmoja. Mpaka sasa niko wa tatu, Wanjohi wa kwanza. Fainali ni tarehe mbili ya mwezi wa sita.

Hujaniambia utepe wa nini.

Pélagie


Kigoma, 18 Februari 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Tuko wazima, Arielle anaimba siku nzima mpaka wateja wanauliza redio iko wapi.

Picha ya pili ni nzuri zaidi.

Harusi ni Jumamosi tarehe 27 Julai. Nashona nguo za kwaya zote, cherehani imebaki moja.

Jambo moja. Mama Hervé amepata namba yako, sijui kwa nani. Akipiga usipokee. Mwambie mtandao. Mwambie uko kazini. Na ukiniandikia kuhusu gari, andika ndani ya barua, usiandike kwenye kadi ya wazi.

Usiniulize kwa sasa.

Dorothée


Märsta, Jumapili tarehe 24 Machi 2024

Yaya,

Leo salamu ni fupi, tuko wazima, Christelle ana paka.

Barua yako ya kunikataza imefika Alhamisi. Mama Hervé alipiga Jumanne.

Nilikuwa kwenye choo cha wanaume pale uwanja wa ndege, nasafisha, nikaona namba ya Tanzania, nikajua ni wewe umeazima simu. Ananisalimia vizuri, sauti nzito ya mtu mwenye duka. Ananiita mkwe. Akasema ameona gari langu, amelipenda, akauliza linakunywa petroli au dizeli. Mimi mtu akiniuliza namjibu. Nikasema halinywi kitu, ni la betri, nalichaji jikoni. Akauliza usiku nalilaza wapi. Nikamwambia chumbani chini ya dirisha, baridi ya nje itaua betri. Nikasikia anamwambia mtu wa pembeni, "Nyumba yao gari linaingia mpaka ndani."

Akauliza naliendesha mwenyewe au nina dereva. Nikasema dereva yupo, lakini ni kichwa tu. Akacheka sana, akasema hata dereva wake wa Fuso ni hivyo hivyo.

Mpaka hapo mimi nafurahi, nasema huyu mama wanamsema bure. Halafu akauliza, "Sasa litatufikia lini?"

Nikamuuliza lifike wapi. Simu ikakatika, salio lake au langu, sijui.

Dorothée. Milango minne. Utepe. Mzungu asilale. Mimi sikusoma sana lakini kujumlisha najua. Umefanya nini? Niandikie yote, usiache. Usiponiandikia natuma sauti ya dakika kumi na nne, na simu yako tunajua ikifika sokoni inavyosikika.

Mdogo wako anayekupenda bado


Kigoma, 28 Aprili 2024

Pélagie,

Tuko wazima. Nitasema, ila usicheke.

Siku ile ya kujitambulisha Mama Hervé alimaliza soda, akaweka glasi chini, akasema mbele ya Arielle, "Kwetu sisi bibi harusi hashuki kwenye bajaji. Sijui nyinyi wenzetu wa kambini mmezoea vipi."

Arielle akatazama sakafu. Miaka ishirini na nne namlea huyu mtoto, sijamwona anatazama sakafu.

Picha yako ilikuwa ndani ya daftari langu la vipimo. Nikaitoa nikaiweka mezani. Sikusema neno. Wakapokezana. Mmoja akauliza huyu ni nani, nikasema mdogo wangu. Akauliza gari la nani, nikasema lake. Mpaka hapo sijadanganya. Mama Hervé akauliza, "Litakuja harusini?" Nikasema, "Mungu akipenda."

Hapo ndipo nilipodanganya. Nikamsingizia Mungu.

Toka siku ile ananisalimia kwa mikono miwili. Ameandikisha kwenye kadi kwamba bibi harusi atafika na gari la mama mdogo kutoka Sweden. Kadi mia mbili zimeshagawiwa. Amewaita dada zake wa Bujumbura. Na mwezi uliopita palipotokea maneno kuhusu uongo wa familia nyingine, nilimsikia na masikio yangu anasema mwanawe hataoa nyumba ya waongo, bora posa irudi. Arielle hajui kitu. Yeye mwenyewe anawaambia wenzake gari linakuja. Kila Jumapili nasema leo nitamwambia yule mama, halafu ananishika mikono, nashindwa.

Nifanye nini? Kuna watu wanakodisha magari ya zamani huko? Yanafika?

Dorothée


Märsta, Jumapili tarehe 2 Juni 2024

Yaya Dorothée,

Nimecheka. Umesema nisicheke, nimecheka ndani ya treni mpaka kituo changu kimenipita, nimeshukia Arlanda, uwanja wa ndege, siku ya mapumziko yangu, wenzangu wakadhani nimekuja kuomba zamu. Halafu nilipofika pale Arielle anatazama sakafu, sikucheka tena. Huyo mama ningekuwepo ningemjibu mpaka soda imrudie puani. Wewe huna mdomo, umetumia picha. Sikulaumu. Na mimi nimo, mimi ndiye niliyemwambia nachaji jikoni.

Gari la kukodi halifiki Kigoma kwa wiki nane, na likifika litakuwa uongo wenye magurudumu makubwa. Sikiliza mdogo wako. Unayesoma barua hii umeipokea kwa mkono wa Kambale, na Kambale amekupa boksi. Ndani kuna gari. Ndilo lenyewe, jekundu, na rimoti, na chaja, na betri mbili. Usimwonyeshe mtu. Chukua boksi, nenda nyumbani kwa Mama Hervé, si dukani, muwe wawili tu, ulifungue mbele yake. Sema kila kitu wewe mwenyewe, kabla hajakisikia kwa mwingine. Uongo ukifunuka mbele ya kadi mia mbili ni aibu, ukifunuka sebuleni ni maongezi. Akikasirika mwache akasirike akiwa amekaa.

Na usimwambie nimekufundisha mimi. Ataona unatumwa.

Kambale anaruka leo jioni, na leo ndiyo ilikuwa fainali. Amenisubiri nje ya ukumbi na teksi inanguruma, anapiga honi kama kwenye maandamano ya maharusi. Yaya, nilikuwa wa kwanza. Imebaki nusu dakika, niko mbele ya Wanjohi, kona ya mbao nikamgusa ubavuni, gusa tu, akapinduka magurudumu juu. Mikael akatazama dari. Honi ya Kambale inalia nje. Na mimi nikajikuta nimeachia rimoti, gari limesimama, namsubiri Mkenya ainuliwe. Akainuliwa, akapita, hakusema hata asante, akashinda. Sijui nilikuwa nimefikiria nini. Nadhani barua yako ilinichosha akili.

Sasa naona lazima nikueleze: huyo huyo Wanjohi alipoona naingiza gari kwenye boksi bila kitu cha kulizungushia, akatoa sponji za kwenye sanduku lake, zile anazolazia gari la kijani, akazikata kwa kisu akanifungashia yeye. Akaniuliza linakwenda wapi. Nikasema harusini. Mhasibu hakuuliza zaidi.

Nenda, Yaya. Mtoto asitazame sakafu mara ya pili.

Pélagie


Kigoma, 25 Agosti 2024

Mdogo wangu Pélagie,

Najua umekaa juu ya moto. Ningeandika mapema lakini nilikuwa naogopa mambo yasigeuke. Sasa naona yamekaa. Tuko wazima wote, na Arielle ameolewa.

Nilikaa na boksi wiki tatu chini ya vitambaa. Halafu nikaenda. Mama Hervé alikuwa sebuleni peke yake. Nikafungua, nikatoa sponji, nikaliweka mezani, nikasema, "Mama, gari la mama mdogo ni hili. Hakuna jingine. Ulituita watu wa kambini na mwanangu anasikia, nikakuonyesha picha nikakuacha uamini. Kosa ni langu, Arielle hajui."

Hakupiga kelele. Aliliinua akatazama chini yake, kama anatafuta lile kubwa limejificha. Akaliweka. Akaenda akafunga mlango. Nikajua sasa natukanwa.

Akauliza, "Nani mwingine ameliona?"

Nikasema, "Mimi na wewe tu."

Akakaa. Akasema, "Dada zangu wameshakata tiketi za basi. Kwaya yote nimeiambia. Mpaka mkuu wa soko nimemwambia. Dorothée, wewe uliweka picha tu. Mimi ndiye niliyetangaza."

Baadaye akasema lile neno la kambi lilimtoka vibaya, hata Hervé alimnunia siku ile. Hakusema samahani, alisema nikae ninywe chai. Kwake nadhani ni kitu kimoja.

Siku ya harusi, Pélagie, alisimama mbele ya kanisa na kilemba kama mnara, akatangaza kwamba gari limekwama bandarini kwa ajili ya karatasi moja, na kwamba yeye kama mama hawezi kumsubirisha binti yake kwa karatasi. Hakupepesa jicho. Mimi nilitazama viatu vyangu. Halafu lile Fuso la mabati likatokea, limeoshwa, nimelifunika vitenge kutoka kichwa mpaka mkia, nilishona siku nne, na Arielle amesimama juu pamoja na kwaya nzima. Mji mzima ulilifuata. Hakuna aliyetazama sakafu.

Sasa watu wananiuliza gari litatoka lini. Nawaambia wamuulize Mama Hervé. Kila akiulizwa anaongeza karatasi nyingine.

Gari lako amegoma kulirudisha. Anasema likikaa kwangu wateja wataliona, kwake kuna kabati lenye kufuli. Nikamwachia. Lakini Arielle, anayekaa huko sasa, ananiambia kila mchana duka likifungwa kwa chakula, mkwe wake anajifungia sebuleni, na mlangoni unasikia kitu kinalia kama nyuki, halafu kinagonga, halafu mama anasema pole. Wiki iliyopita Arielle akafungua mlango bila kubisha. Akamkuta mama mkwe amesimama juu ya kigoda, rimoti mikononi, meza na viti vyote vimesukumwa ukutani, na mabati yamepangwa kona kona.

Mama Hervé akamtazama. Akasema, "Funga mlango. Simama kwenye ile kona."

Kwa hiyo nimetumwa. Anasalimia sana, na anauliza kama Kambale atarudi tena kabla ya Krismasi. Anataka la pili, la bluu, la Arielle. Anasema gari moja si mashindano.

Dada yako,
Dorothée